Matundu kwenye mikato ya kriostati: tatizo huanza kabla wembe haujagusa tishu

“Nafanya kazi kwenye maabara ya patholojia. Tuna kriostati, ile mashine ya baridi ya kukatia tishu iliyogandishwa, iliyokwishatumika kwingine kabla ya kuja kwetu. Nikikata tishu, hasa misuli na ini, mkato, yaani kile kipande chembamba cha kuweka kwenye slaidi, unatoka na matundu matundu kama sifongo, na daktari anasema hawezi kuusoma. Kuna siku bloku, yaani tishu iliyogandishwa tayari kukatwa, inapukutika kama chaki, na kuna siku mkato unajiviringisha kabla sijauwahi. Wembe tumebadilisha mara nyingi. Tishu huja kutoka chumba cha upasuaji ikielea kwenye kichupa cha maji ya chumvi. Naifunika kwa jeli ya OCT nyingi ili barafu isiidhuru, kisha naitumbukiza moja kwa moja kwenye naitrojeni kimiminika. Naitrojeni ikiisha, naiacha kwenye rafu ndani ya kriostati mpaka igande yenyewe. Mkuu wangu anaamini mashine imechoka na anataka tuombe fedha za kununua mpya. Je, ni kweli? Na ni sahihi kwamba baridi ya kriostati huua vijidudu, kwa hiyo hatuna haja ya kuhangaika sana na usafi wake?”

Ndugu msomaji, kabla mkuu wako hajaandika barua ya kuomba fedha, mwombe asubiri wiki moja. Kwa maelezo uliyonipa, matundu yale hayakutobolewa na mashine wala na wembe. Yalikuwa tayari ndani ya tishu kabla hujazungusha gurudumu la kukatia hata mara moja. Ukinunua kriostati mpya leo na kuendelea kugandisha kama unavyogandisha, kesho daktari atakurudishia slaidi zilezile.

Umeniletea matatizo matatu katika furushi moja, na nadhani hapo ndipo mmepotelea. Matundu huzaliwa wakati wa kugandisha. Kupukutika kunatokana na kiwango cha joto au baridi cha bloku wakati wa kukata. Kujiviringisha, mara nyingi, ni suala la kile kioo kilicho mbele ya wembe. Nimewaona mafundi sanifu hodari wakihangaika miezi kadhaa kwa sababu walitafuta dawa moja ya maradhi matatu. Swali lako la vijidudu nitalijibu pia, na tafadhali usiliruke, maana ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote.

Tuanze na matundu. Misuli ni maji kwa takriban robo tatu ya uzito wake, na ini halitofautiani sana. Maji hayo yakiganda polepole, molekuli zake hupata muda wa kujipanga na kujenga fuwele. Fuwele za mwanzo huota nje ya seli. Kadiri zinavyokua, maji yanayobaki nje huzidi kuwa na chumvi, na chumvi hiyo huyavuta maji kutoka ndani ya seli, nayo hugeuka barafu. Seli husinyaa, fuwele hunenepa. Baridi ikizidi kabla maji ya ndani hayajatoka yote, fuwele huota ndani ya seli zenyewe, na kwenye misuli hapo ndipo nyuzi zinapoonekana zimetobolewa katikati. Kumbuka pia kwamba maji yakiwa barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9, kwa hiyo kila fuwele husukuma kilicho jirani yake. Baadaye mkato unagusa slaidi yenye joto la chumba, barafu inayeyuka, na mahali fuwele ilipokuwa panabaki pengo. Hilo pengo ndilo tundu unaloliona kwenye hadubini.

Tishu ikigandishwa kwa kasi kubwa, maji hayapati muda huo. Fuwele bado hutokea, lakini huwa ndogo mno kiasi kwamba hadubini ya kawaida haizioni. Kwa hiyo siri ipo kwenye mwendo: tishu inashuka kwa kasi gani kupita zile nyuzi chache za kwanza chini ya sifuri.

Unaweza kulithibitisha hili kwa slaidi ulizo nazo. Zitazame kwa kikuzaji kidogo. Matundu ya barafu huwa tupu kabisa, yana kingo zenye pembepembe, na mara nyingi ni madogo karibu na uso wa kipande na makubwa kuelekea katikati, kwa sababu katikati ndiko baridi ilikochelewa kufika. Seli za mafuta nazo huonekana kama matundu, lakini ni za mviringo, zina utando mwembamba unaozizunguka, na hapa na pale utaona kiini kimebanwa pembeni. Wembe mbovu haufanyi hata kimojawapo kati ya haya. Huacha mistari na michaniko inayofuata mwelekeo mmoja, ule wa kukata.

Sasa utaniuliza: naitrojeni kimiminika ina nyuzi 196 chini ya sifuri, itawezaje kugandisha polepole? Swali hilo huwakwaza wengi, na jibu lake ni la ajabu kidogo. Umewahi kudondosha tone la maji kwenye kikaango kilichopata moto sana? Halichemki na kuisha mara moja. Linatelezateleza, kwa sababu chini yake imejitandaza hewa ya mvuke inayolitenga na chuma. Johann Gottlob Leidenfrost aliieleza hali hiyo mwaka 1756 na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Tishu yako ikiingia kwenye naitrojeni, hapo ndipo mambo yanapogeuka: kwa naitrojeni, tishu ndiyo kikaango cha moto. Naitrojeni iliyo jirani nayo inachemka ghafla na kuivisha tishu blanketi la gesi, na gesi haipitishi joto vizuri. Kule kuchemka kwa fujo unakokuona, ambako humpa mtu moyo kwamba kazi inafanyika, ndiko dalili kwamba baridi imezuiliwa nje.

Ndiyo maana maabara zinazoshughulika na misuli huweka kimiminika kingine katikati, isopenteni. Unaimimina kwenye kikombe cha chuma, unakining'iniza kikombe ndani ya naitrojeni, na unakoroga. Isopenteni huganda kwenye nyuzi zipatazo 160 chini ya sifuri, kwa hiyo chembe nyeupe zikianza kuonekana chini na kuzunguka kingo za kikombe, ujue imefika. Ikiganda yote, itoe kidogo mpaka ilainike tena. Ukiizamisha tishu humo haichemki, kwa sababu isopenteni huchemka kwenye takriban nyuzi 28 juu ya sifuri. Inaigusa tishu pande zote bila blanketi, na joto linatoka mara moja. Kipande kidogo kinahitaji sekunde 10 hadi 20 hivi. Ukikizidishia muda, bloku itapasuka, maana ganda la nje limeshakuwa gumu wakati ndani bado kunatanuka.

Kabla hujakimbilia kuiagiza, fahamu kwamba isopenteni inashika moto kwa urahisi sana, na mvuke wake husafiri. Ifanyie kazi kwenye kabati la kuvuta mvuke, mbali na cheche. Usiihifadhi kwenye jokofu la kawaida, wala usiweke kikombe chake ndani ya kriostati eti kupata baridi. Ile ni mashine ya umeme yenye chumba kilichofungwa. Naitrojeni nayo ina hatari yake isiyonusa wala kuonekana: lita moja ya kimiminika ikiyeyuka hutoa takriban lita 700 za gesi, na katika chumba kidogo gesi hiyo hufukuza oksijeni. Fungua madirisha, vaa miwani na glovu za baridi, na usiizibe kwenye chombo kisichopumua.

Njia yako ya pili, ya kuiacha tishu kwenye rafu mpaka igande yenyewe, ni mbaya zaidi ya ile ya kwanza. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri hupoza polepole mno, nawe hapo unazipa fuwele muda wote zinaoutaka. Lakini kriostati nyingi zina sehemu maalumu ya kugandishia haraka, yenye baridi kuliko chumba chenyewe, pamoja na kipande kizito cha chuma cha kushushwa juu ya tishu ili kivute joto. Tafuta kwenye mashine yenu. Si ajabu ipo na haijawahi kuwashwa. Kwa tishu ya upasuaji ambayo daktari anataka tu kujua ni saratani au si saratani, ama kama kingo ziko salama, kugandisha kwa chuma pande zote mbili kunatosha mara nyingi, mradi kipande ni chembamba. Barafu kavu nayo, yenye nyuzi 78 hivi chini ya sifuri, inafaa ukiizungushia kikombe cha isopenteni. Haifiki kwenye ubora wa naitrojeni, ila kwa tishu nyingi laini utapata picha inayosomeka. Kwa misuli sikushauri ushushe kiwango. Misuli hukasirika upesi, na ugonjwa wake husomwa kwenye umbo la nyuzi lilelile ambalo fuwele hulivuruga.

Yapo makosa mawili mengine kwenye maelezo yako, na haya kuyarekebisha hakugharimu chochote.

La kwanza ni maji ya chumvi. Tishu inayoelea kwenye maji huyanywa, na maji hayo ya ziada hugeuka fuwele za ziada. Ongea na wauguzi wa chumba cha upasuaji wakuletee tishu ikiwa imelazwa juu ya shashi iliyoloweshwa na kukamuliwa hadi ibaki na unyevu tu, ndani ya chombo kilichofungwa, na ije haraka. Ikifika, iguse taratibu kwa karatasi ya kunyonya maji kabla hujaigandisha. Nisingelikuwa na nafasi ya kukueleza jambo lingine lolote, ningekueleza hili. Katika maabara moja niliyopata kufanya kazi, tuliondoa kichupa cha maji ya chumvi tu, bila kugusa kitu kingine, na slaidi za wiki ile zilikuwa kama zimetengenezwa na watu wengine kabisa.

La pili ni OCT. Jeli hii ni mchanganyiko wa polivinili alkoholi na polietileni glikoli, na kazi yake ni kuishika tishu na kuipa mgongo wakati wa kukata. Haipenyi ndani ya tishu mbichi, kwa hiyo haina namna ya kuzuia fuwele humo ndani. Kinyume chake, tabaka nene la OCT ni koti: huichelewesha baridi. Kwa misuli, weka tone la kuisimamishia tu kwenye kitako, nyuzi zikiwa zimesimama wima ili uzikate kwa upana wake, na uiache sehemu kubwa ya tishu wazi. Kwa tishu laini funika kwa tabaka jembamba. Kipande chenyewe kisizidi nusu sentimita kwa unene.

Kama siku moja utapewa tishu iliyokwishalowekwa kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia tishu, hiyo ni habari nyingine. Imejaa maji, na ukiigandisha hivyohivyo utapata sifongo hata kwa isopenteni. Hiyo hulowekwa kwanza kwenye maji ya sukari ya asilimia 30 mpaka izame chini ya chupa, kwa kawaida usiku kucha. Kuzama ndiko kunakokuambia sukari imeingia.

Na bloku ikishaganda vizuri, isiyeyuke tena. Ihifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, ikiwa imefungwa isikauke. Friza za kawaida zinazojiyeyusha barafu hupanda na kushuka joto, na kila zikipanda, fuwele ndogo huungana kuwa kubwa. Bloku huingia nzima na kutoka ina matundu. Kwa misuli iliyoharibika namna hii wapo wanaoiyeyusha kabisa na kuigandisha upya kwa haraka, na mara nyingine picha hurudi. Lifanye kama jaribio la mwisho, kwa idhini ya daktari, kwenye tishu ambayo bila hivyo ingetupwa.

Twende kwenye kupukutika. Bloku inayotoa unga mweupe au mkato uliopasukapasuka ni bloku yenye baridi kupita kiasi. Inayonata kwenye wembe na kujikusanya kama uji ina joto kupita kiasi. Unapoitoa kwenye nyuzi 80 au kwenye naitrojeni na kuifunga mara moja, unakata jiwe. Iache ndani ya chumba cha kriostati dakika 20 hadi 30 ipate kulingana. Kama daktari anasubiri na mgonjwa yuko mezani, dole gumba lililovaa glovu likiegemezwa juu ya uso wa bloku kwa sekunde chache hutosha, lakini funga gurudumu kwanza na ufunike wembe. Vidonda vibaya kuliko vyote nilivyoviona kwenye kazi hii vilitokana na mkono ulioingia chumbani huku gurudumu halijafungwa.

Kila tishu ina joto inalolipenda, na hii ndiyo sababu ini lako na misuli yako havikubaliani siku moja. Ubongo hukatika vizuri kwenye nyuzi 12 hadi 16 hivi chini ya sifuri. Ini linapenda 14 hadi 18, figo na wengu 16 hadi 20. Misuli inataka 20 hadi 25, ngozi pia huko huko. Mafuta ndiyo yenye kiburi. Hayagandi kisawasawa mpaka ushuke kwenye 30 au chini zaidi, na hata hapo kata mikato minene kidogo, mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 8 hadi 10, badala ya 5 au 6 za kawaida. Tishu ya titi yenye mafuta na uvimbe pamoja haiwezi kuridhishwa na joto moja. Punguza mafuta kwa kisu kabla ya kugandisha kama daktari anaruhusu. Haya ni makadirio ya kuanzia tu. Andika kwenye daftari ni nyuzi ngapi zilikupa mkato mzuri kwa tishu gani kwenye mashine yenu, na baada ya miezi miwili daftari hilo litakufaa kuliko jedwali la mtu yeyote.

Kujiviringisha. Mkato wa mikromita 5 ukitoka hewani hujikunja kwa kawaida yake, na ndiyo sababu kuna kile kioo cha kuuzuia. Kioo kinapaswa kukaa sambamba na ukingo wa wembe, kikiupita kwa nywele tu. Kikiwa chini mno, mkato unajikunja kabla haujaingia chini yake. Kikiwa juu mno, bloku inakigonga na ukingo wake unamegeka. Kikiwa upande mmoja juu na mwingine chini, mkato unatoka umepinda. Kata bloku ya OCT isiyo na tishu huku ukikirekebisha kwa zamu ndogo ndogo, mpaka mkato uteleze chini yake na kulala. Halafu angalia mambo mawili yanayosahauliwa: kioo kiwe na baridi sawa na chumba, maana kikiwa cha uvuguvugu mkato utakinatia, na kingo zake zisiwe na mapengo. Kioo huweza kugeuzwa ukitumie ukingo wa upande wa pili. Kama hupendi kioo, brashi nayo inafanya kazi, mradi ikae ndani ya chumba muda wote iwe na baridi. Mimi nilijifunzia brashi na bado huirudia kwa tishu korofi, lakini inahitaji mkono uliozoea.

Mistari ya wima kwenye mkato ni pengo kwenye wembe. Usogeze upande au uubadilishe. Mawimbi ya mlalo, manene na membamba kwa kupokezana, ni kitu kilicholegea: wembe, kishikio au kitako cha bloku. Kaza vyote kabla hujalaumu chochote. Mikato miwili mitatu ya kwanza baada ya kupumzika itupe, kwa sababu bloku inaposimama hutanuka au kusinyaa na unene unaosomeka kwenye mashine hauwi unene wa kweli.

Ukiuchukua mkato, slaidi iwe na joto la chumba. Tofauti ya joto ndiyo inayourusha mkato na kuunatisha. Kisha uingize kwenye alkoholi mara moja, ndani ya sekunde chache. Ukichelewa hewani, viini vya seli huvimba na kupauka, na daktari atalalamika tena, safari hii kwa kosa ambalo si la barafu.

Sasa vijidudu. Hapana, baridi ya kriostati haiviui. Inavihifadhi. Maabara zenyewe zinapotaka kutunza bakteria na virusi kwa miaka, huviweka kwenye baridi. Tishu unayoikata haijapita kwenye formalini. Kama mgonjwa ana kifua kikuu, homa ya ini aina ya B au C, au VVU, vimelea hivyo vipo kwenye bloku, kwenye unga ulioanguka chini ya wembe, kwenye brashi na kwenye kioo. Yapo maambukizi ya kifua kikuu kwa wafanyakazi wa maabara yaliyoripotiwa kutokana na mikato ya kuganda, hasa pale zilipotumika zile dawa za kupuliza za kugandisha haraka. Mpulizo hurusha chembe za tishu hewani, nawe umeinamisha uso juu yake. Kama mnazo, ziacheni.

Kwa hiyo: vaa glovu zinazostahimili kukatwa ndani ya zile za kawaida, koti, kinga ya macho, na barakoa ya N95 kifua kikuu kinaposhukiwa. Kikishukiwa kwa nguvu, muulize daktari kama mkato wa kuganda unahitajika kweli au anaweza kungoja mkato wa kawaida, wa tishu iliyopita kwenye formalini na kuwekwa kwenye nta. Tishu ya mgonjwa anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa ubongo wa prioni (protini mbovu inayoambukiza) isikatwe kabisa kwenye kriostati ya kawaida. Mwisho wa kila siku toa wembe kwa koleo, kusanya unga kwa karatasi iliyoloweshwa alkoholi ya asilimia 70, usiupulize wala kuufyonza kwa mashine ya vumbi, na utupe kama taka zenye maambukizi. Alkoholi hiyo haigandi kwenye joto la chumba cha kriostati, ndiyo maana inafaa, lakini inashika moto: ipanguse kwa kitambaa, usiinyunyize, na iache ikauke kabisa kabla hujafunga mlango. Dawa za klorini zitakula chuma. Taa ya miale ya urujuanimno, kama mashine yenu inayo, huua kile inachokimulika tu. Kilicho chini ya unga kiko salama kivulini. Na kwa ratiba mnayoipanga na msimamizi wa usalama, zimeni mashine iyeyuke, isafishwe yote na kukaushwa kabla ya kuwashwa.

Naamini sasa unaona kwa nini sikuanza na mashine. Hata historia iko upande huu. Louis B. Wilson wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, alipochapisha mwaka 1905 njia yake ya kumpa daktari jibu wakati mgonjwa bado yuko mezani, kriostati haikuwepo. Watafiti Linderstrøm-Lang na Mogensen wa maabara ya Carlsberg huko Copenhagen ndio walioieleza kriostati mwaka 1938. Tishu iliyogandishwa vizuri ilisomeka miaka zaidi ya 30 kabla ya mashine hii.

Hata hivyo mashine huchoka, na mkuu wako ana haki ya kuuliza. Weka thamometa inayoaminika karibu na kichwa cha bloku na ulinganishe na namba inayoonyeshwa. Tofauti ya nyuzi mbili tatu inavumilika, ya kumi haivumiliki. Tazama kama barafu inajikusanya upesi, dalili ya mpira wa mlango uliochakaa. Safisha vumbi kwenye kondensa nyuma ya mashine na uipe nafasi ya kupumua kutoka ukutani. Chumba chenye joto kali na unyevu kitaichosha kompresa yoyote, hata mpya. Kichwa cha bloku kikitikisika mkononi wakati kimefungwa, au kompresa ikinguruma bila kupoza, ita fundi wa vifaa vya maabara. Mfumo wa gesi ya kupozea si wa kufunguliwa na wewe wala fundi wa majokofu wa mtaani asiye na mafunzo ya mashine hii.

Kuna mambo mengine ambayo maandishi yangu hayawezi kukutatulia. Kama mmeombwa kuanza kupokea misuli kwa uchunguzi wa magonjwa yake, nenda ukae siku mbili tatu na mtu anayeifanya kazi hiyo. Mkono wa isopenteni hujifunzwa kwa kuona. Kama mnatoa majibu ya upasuaji unaoendelea na mnapita dakika 20, ambazo ndizo Chuo cha Wapatholojia cha Marekani huzitumia kama kipimo kwa bloku moja, kaeni na daktari wenu mpange upya mwendo mzima tangu tishu inapotoka mezani. Na keti naye pia mkubaliane ni tishu zipi zisigandishwe: vidonda vyenye weusi vinavyoshukiwa kuwa melanoma (aina ya saratani ya ngozi), na vipande vidogo mno ambavyo vikiharibika hakuna vingine. Pale tishu inapotosha, sehemu iende formalini siku zote. Ukijikata na wembe, acha kazi, osha kwa maji na sabuni, na uende kupata huduma ya kinga saa hiyohiyo, si jioni. Kinga ya VVU haifai kusubiri.

Wiki niliyomwombea mkuu wako uitumie hivi. Tafuta tishu ya ziada isiyo ya mgonjwa anayesubiri jibu, ikaushe unyevu, uigawe vipande vitatu vinavyolingana. Kimoja kigandishe kwenye rafu, kimoja moja kwa moja kwenye naitrojeni, kimoja kwenye isopenteni iliyopozwa au, kama hamna, kwa chuma cha kuvuta joto. Andaa na bloku ya OCT tupu. Kata zote nne siku moja, wembe uleule, joto lilelile, upake rangi na uziweke mbele ya mkuu wako pamoja na hadubini. OCT tupu ikitoka laini na sawasawa huku vipande vitatu vikitofautiana kwa matundu, fedha ziende kwenye kikombe cha chuma, isopenteni na naitrojeni ya kutosha. OCT tupu ikitoka na mawimbi hata baada ya kukaza kila kitu na kubadilisha wembe, hapo muungane kumwita fundi, na maneno yake ndiyo mtakayoyaambatisha kwenye barua.